Praima za bastola kwenye ganda la .308: zinaingia vizuri, ila usizipige

Msomaji anayejaza risasi zake za raifo za .308 ameuliza hivi kuhusu praima, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti kikigongwa na pini: "Mtaalamu habari. Nina .308 ya bolti na risasi najaza mwenyewe, kama mwaka hivi sasa. Juzi nimejaza 50 nikaenda kupiga shabaha. Ya kwanza na ya pili zimelia poa, ya tatu ikagoma, ya nne ikalia ila nikasikia upepo wa moto shavuni na praima ikawa na kitundu katikati. Kurudi nyumbani nakuta box nililotumia ni praima kubwa za bastola, sio za raifo. Jamaa yangu anasema kipenyo ni kilekile kwahiyo haina shida, ile moja ilikuwa mbovu tu. Naweza kumalizia hizi 46 zilizobaki? Na kama haiwezekani nizifanyeje, maana baruti na vichwa ni hela?"

Mkuu, usizipige. Hata moja. Ziweke kwenye kiboksi chake, andika juu kwa maka peni kubwa USIPIGE, na ile iliyogoma iweke humohumo, halafu tuongee taratibu maana hapa kuna mambo kadhaa yamechanganyika, na jamaa yako ana ukweli kidogo kwenye anachosema, ndo maana anaaminika.

Kipenyo kweli ni kilekile. Praima kubwa ya bastola na praima kubwa ya raifo zote ni kama milimita 5.33, na zile ndogo za aina zote mbili ni kama 4.45. Ndo maana mkono wako haukusikia kitu wakati unaziingiza, zimeteleza vizuri zikakaa. Tatizo liko kwenye urefu na kwenye unene wa kile kikombe, na hivyo viwili jicho halivioni.

Tuanze na urefu kwasababu ndo unaelezea ile ya tatu iliyogoma. Praima kubwa ya raifo ina urefu wa kama milimita 3.25, ya bastola ni kama 3.0, na shimo la ganda la .308 limechongwa kwa ajili ya ile ndefu. Tofauti hapo ni unene wa karatasi mbili za daftari, unaona kidogo, lakini maana yake praima yako imezama ndani zaidi ya inavyotakiwa. Kawaida tunataka praima ikae chini kidogo ya usawa wa kitako cha ganda, kama milimita 0.08 mpaka 0.13. Zako zimezama kupita hapo. Na kama kuna ambazo hazijafika chini kabisa ni mbaya vilevile, maana pini ikigonga, nguvu inaishia kuisukuma praima mbele mpaka iguse sakafu ya shimo badala ya kuiponda kemikali. Ndani ya praima kuna kikombe, kuna kemikali inayolipuka kwa kupondwa (nyingi za kisasa ni za lead styphnate), na juu yake kuna kifuawe kidogo chenye miguu. Kemikali inawaka pale inapobanwa kati ya kikombe na kifuawe, na ile miguu lazima iwe imekanyaga chini. Ikiwa inaelea, unapata risasi inayogoma, au inayochelewa, na hiyo ya kuchelewa ndo inayoumiza watu wenye haraka.

Hapo hapo nikuulize, ya tatu ilipogoma ulifanya nini? Hujasema. Risasi ikigoma mtutu unabaki unaangalia kwenye shabaha, mkono hauendi kwenye bolti (kile chuma unachovuta kufungua na kufunga chemba), unahesabu angalau sekunde 30. Mimi nasubiri dakika nzima, sina haraka ya kwenda popote. Halafu ndo unafungua bolti, uso ukiwa pembeni.

Sasa unene wa kikombe, na hapa ndo penye ile ya nne. Kikombe cha praima kubwa ya bastola ni kama milimita 0.5, cha raifo ni kama 0.7. Waliotengeneza hawakubahatisha. Bastola nyingi zina nyundo ndogo yenye springi laini, kwahiyo kikombe kinatakiwa kiwe laini ili kipondeke, na presha ya risasi ya bastola ni ndogo. Angalia viwango vya SAAMI, wale wa Marekani wanaoweka vipimo vya risasi: .45 ACP ya bastola mwisho wake ni psi 21,000 (psi ni paundi kwa kila inchi ya mraba, kipimo cha presha), .44 Magnum ambayo kila mtu anaiogopa ni 36,000. Halafu .308 Winchester ni 62,000. Yaani umechukua kikombe kilichotengenezwa kwa presha ya 20 na 30 elfu ukakiweka nyuma ya presha ya 60 elfu na kitu.

Watu wengi wanaichukulia praima kama kiberiti, kazi yake ni kuwasha basi. Lakini baruti ikishawaka, praima inageuka kuwa ukuta. Ganda limebanwa pembeni na kuta za chemba, nyuma kitako chake ni shaba nene, mahali pekee palipo na chuma chembamba ni pale kwenye praima. Piga hesabu mwenyewe: presha ya psi 62,000 ikisukuma duara la milimita 5.33 ni nguvu ya karibu tani moja, inasukuma praima irudi nyuma kwenye uso wa bolti. Sehemu kubwa ya praima imeegemea chuma cha bolti, hiyo haina shida. Ila katikati pana tundu la pini, na hapo kikombe kimeegemea ncha ya pini peke yake na springi iliyo nyuma yake. Kikombe kikiwa chembamba, chuma kinafinyangwa kuingia kwenye lile tundu, kinafanya kama ukingo wa volkano kuzunguka alama ya pini, na kikizidiwa kinakatika. Kinatoboka. Gesi yenye moto inapita kwenye tundu la pini, inaingia ndani ya bolti na inatafuta pa kutokea, na uso wako uko nyuma ya bolti. Ule upepo wa shavuni ndo huo.

Kiasi gani cha gesi kinakufikia inategemea na bunduki. Mauser ya mwaka 1898 ina matundu kwenye mwili wa bolti ya kutolea gesi pembeni, na kule nyuma ina ukingo mpana wa kukinga jicho, mzee Mauser alifikiria. Bunduki nyingi za kisasa zina tundu la aina hiyo mahali flani. Lakini zipo za zamani zenye kinga ndogo sana, na hata kwenye ile nzuri huwezi kusema chembe ya shaba haitapita. Kama siku ile ulikuwa bila miwani, basi hapo tu una bahati, na nakuomba usirudie tena, iwe praima sahihi au sio sahihi.

"Lakini mbili za kwanza zililia poa." Nilijua utasema. Zililia poa kwasababu vikombe havilingani hata ndani ya box moja, baruti inapishana kidogo, ganda moja lina nafasi ndogo kuliko lingine, chemba bado ilikuwa ya baridi, na kuna mzigo (yaani kipimo cha baruti ulichojaza) unaokaa pale pale kwenye mpaka. Chukua yale maganda mawili sasa hivi, uyaweke chini ya taa kali na kioo cha kukuzia. Nina uhakika mkubwa utakuta alama ya pini ina ukingo ulionyanyuka, upitishe ukucha utauhisi unakwaruza, na pengine praima imelala bapa mpaka kona zake za mviringo zimepotea na kujaa shimo lote. Ubapa peke yake sio ushahidi, naongeza hilo kwasababu watu wanaupenda sana, praima laini inalala bapa hata kwenye presha ya kawaida na praima ngumu inaweza kubaki na kona zake presha ikiwa imezidi. Ila ubapa pamoja na ukingo pamoja na ndugu yake aliyetoboka kwenye box hilohilo, hapo hakuna cha kubishania.

Kabla hujagusa zile 46, gusa bunduki kwanza. Toa bolti, tazama uso wake pale kwenye tundu la pini. Praima ikitoboka gesi inakata chuma kama gesi ya kuchomelea, inaacha vishimo vidogo kuzunguka tundu. Kishimo kimoja kidogo watu wanaishi nacho, vikiwa pete nzima fundi bunduki akione. Halafu fungua bolti utoe pini. Ncha yake inatakiwa iwe mviringo laini. Ikiwa imeliwa, ina pembe au ina kidonda, badilisha, maana pini yenye ncha kali itatoboa hata praima sahihi na utaanza kulaumu mambo mengine. Na safisha njia yote ya pini, hii usiiruke. Kile kipande kilichokatika kwenye praima ni kisahani kidogo sana, kama punje, na mara nyingi kinaingia humo ndani ya bolti kikajificha. Kikikaa vibaya pini haifiki mbele vizuri, risasi zinagoma. Kikikaa vibaya zaidi pini inakwama ikiwa imechomoza, na ukifunga bolti juu ya risasi nyingine inalia kabla hujagusa kifyatulio. Hakikisha umekiona kwa macho au umesafisha mpaka una uhakika hakipo.

Sasa niguse na michanganyo mingine, maana ukishachanganya hivi ujue box zako zimekaa vibaya na kesho utachanganya kivingine.

Kinyume cha ulichofanya, yaani praima kubwa ya raifo kwenye ganda la bastola: ni ndefu kuliko shimo, inachomoza nyuma. Kwenye rivolva silinda inaweza kugoma kuzunguka, kwenye bastola ya otomatiki slaidi inapiga praima iliyochomoza wakati inafunga, na unaweza kupata mlio ambao hukuuomba. Hiyo ni hatari ya wazi.

Zile ndogo zina ujanja wake, kwasababu praima ndogo ya raifo na ndogo ya bastola zina vipimo vya nje karibu sawa, hata urefu. Wapo wanaotumia ndogo za raifo kwenye bastola zenye presha kubwa na zinafanya kazi, shida wanayopata ni nyundo kushindwa kuponda kikombe kigumu. Na wapo wanaoweka ndogo za bastola kwenye .22 Hornet makusudi, ni ganda dogo la zamani na wanasema linapenda moto mdogo. Nakwambia hivi ili usije ukasoma mahali "mbona flani anatumia" ukachukua ruhusa ya Hornet ukaipeleka kwenye .223 yenye psi 55,000. Hata ndani ya praima ndogo za raifo zenyewe kuna tofauti: Remington wana 6½ na 7½, zote zimeandikwa ndogo za raifo, ila 6½ ina kikombe chembamba na wenyewe wanasema isitumike kwenye .223, tumia 7½. Vilevile kwa kampuni ya CCI, praima namba 400 ni nyembamba kuliko 450. Kwahiyo hata neno "raifo" juu ya box halijamaliza maneno.

Praima ya magnum badala ya ya kawaida, hili ndo kosa linalotokea sana na mara nyingi halilipui kitu, ila linapandisha presha. Inatoa moto mwingi zaidi, imekusudiwa baruti nyingi au baruti za chembe za mviringo ambazo zinawaka kwa shida. Kama mzigo wako ulikuwa katikati ya jedwali la kitabu cha kujazia huenda usione chochote zaidi ya mabadiliko ya kasi. Kama ulikuwa juu kabisa ya jedwali, ile nafasi ya mwisho iliyobaki umeila. Kanuni ni kwamba ukibadilisha praima, hata kampuni tu, unashuka kama asilimia 10 na unapanda upya kidogokidogo ukiangalia dalili. Vitabu vya Hornady, Sierra, Lyman, vyote vinataja praima waliyotumia kwa kila mzigo, sio mapambo yale, ni sehemu ya mzigo kama ilivyo baruti.

Wenye semi-otomatiki, zile zinazojipakia zenyewe, wana la kwao. M1 Garand, M14, AR-15, SKS, zote pini yao inaelea, haina springi ya kuirudisha kwa jinsi zilivyotengenezwa nyingi, na bolti ikifunga kwa kasi pini inaigusa praima. Ukifungua risasi ya AR ambayo haijapigwa utaona kidoti kidogo kwenye praima, ndo busu la pini hilo. Kwa praima ngumu inaishia kidoti. Kwa praima laini ya bastola, au iliyokaa juu ya usawa, inaweza kulia bolti ikiwa haijafunga sawasawa, na hapo bunduki inafumuka. Ndo maana CCI wana namba 34 na 41 zilizotengenezwa zisiwe nyepesi kuwaka. Wewe una bolti ya mkono kwahiyo umeponea hapo, ila ukija kumuazima mwenye semi-otomatiki risasi zako, hilo liwe kichwani.

Na moja ya pembeni: kuna maganda ya .308 yanayotoka na shimo la praima ndogo, kampuni ya Lapua wanayo kwa watu wa mashindano. Yakijichanganya na yako ukalazimisha praima kubwa kwenye shimo dogo, unaiponda kwenye presi (ile mashine ya mkono ya kujazia) na inaweza kulipuka mkononi. Ukihisi ugumu usio wa kawaida acha, toa, angalia. Mkono mzito kwenye kuingiza praima sio sifa.

Haya, zile 46 pamoja na ile iliyogoma. Zinavuliwa zote. Usijaribu kuchambua ipi ina praima ipi, kama box lilikuwa moja basi zote ni mbovu, na kama una wasiwasi kwamba nyingine ulijaza na praima sahihi, vua zote pia, muda wako ni rahisi kuliko jicho. Tumia kivulio cha koleti kinachofungwa kwenye presi, kinashika kichwa cha risasi taratibu na ganda linashuka lenyewe. Ile nyundo ya plastiki ya kugonga nayo inavua na wengi wanaitumia, ila kwa risasi 47 zenye praima zilizokaa ovyo, na moja iliyoshagongwa na pini, mimi ningechagua koleti. Miwani usoni. Moja moja. Ile iliyogoma iwe ya mwisho, na usiwe na baruti wazi mezani wakati unaivua.

Ukishavua, una maganda yenye praima hai. Kishawishi ni kuzisukuma nje kwa pini ya dai (kile kifaa kinachofungwa kwenye presi) kama praima iliyokufa. Watengenezaji hawashauri, na kuna watu wamelipukiwa hapo. Na usidanganywe na mafuta, kuchovya praima kwenye mafuta au WD-40 hakuiui kwa uhakika, nyingine zinakauka na zinalia kama kawaida. Njia ninayoipenda ni kwenda nazo kwenye uwanja wa shabaha yakiwa maganda matupu yenye praima tu, bila baruti na bila kichwa, uyahesabu na kuyamulika ndani kuhakikisha hakuna punje iliyobaki, mtutu uwe mtupu, uyapige moja moja kuelekea shabaha ukiwa na miwani na vizuia masikio. Zinalia paa, kidogo tu. Bila presha ya baruti praima itarudi nyuma ichomoze kidogo, bolti inaweza kunyanyuka kwa uzito, usishtuke. Na kwa kina zilivyozama, baadhi zitagoma. Subiri uleule, zirudie pini mara ya pili, na ambazo zimegoma kabisa usihangaike nazo, mpelekee fundi bunduki au polisi wa eneo lako wanaopokea vitu kama hivyo, usitupe kwenye takataka.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho wengi hawakijui. Ganda la .308 halina ukingo uliotokeza kitakoni wa kulishika nyuma, linakaa kwa mabega. Ukipiga praima peke yake, pini na praima zinalisukuma ganda mbele na hakuna presha ya kulirudisha nyuma, kwahiyo mabega yanaweza kurudi kidogo na ganda likawa fupi kuliko chemba. Mara moja haiharibu sana, ila kabla hujajaza tena pima kila moja kwa geji ya mabega ulinganishe na ganda lililopigwa kawaida kwenye bunduki hiyohiyo. Lililofupika tenga, usililazimishe, maana ukilipiga kwa mzigo kamili linavutika karibu na kitako na hapo ndo linapokatikia. Yale matatu yaliyolia, lililotoboka praima tupa, mengine pima shimo la praima kama bado linabana.

Vichwa vya risasi vinarudi kazini bila shida, ukiona koleti imeacha mikwaruzo mizito hivyo vibakize kwa kupasha bunduki moto, sio kwa kundi la kupimia. Baruti inarudi kazini kama tu una uhakika asilimia mia ni ya aina gani na imetoka wapi, na kwa vile umejaza juzi na chupa moja ilikuwa mezani, irudishe kwenye chupa hiyo. Ukisita hata kidogo mwaga kwenye bustani, itasaidia majani. Zile praima za bastola zilizobaki kwenye box ziache kwenye kifungashio chake kilekile, usizimimine kwenye chupa wala kopo, zikiwa zimerundikana moja ikilia zinalia zote. Kabati lingine, mbali na za raifo, na mezani box moja tu likiwa wazi kwa wakati mmoja.